Moyo na Moshi

Vitu vingi vya starehe huonjwa kwa ulimi, lakini hukumu yake hutolewa na moyo. Chakula kilichomfurahisha mtu jana, leo akipata habari ya msiba humkwama kooni. Mpishi hakupunguza chumvi. Aliyebadilika ni mlaji. Maji ya mtungi ni matamu kwa mwenye kiu, na hayana ladha kwa aliyekwisha kunywa. Hali ni hiyo hiyo kwa biri, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Wanaoipenda husifu shamba ilikotoka, mkono ulioisokota na miaka iliyolala sandukuni. Ni mara chache kutaja hali ya moyo wa mtu aliyeivuta, ingawa jambo hilo lina nguvu kuliko yote mengine yaliyotajwa.

Wahenga walisema kuwa kipendacho moyo ni dawa. Methali hii ina ukweli mwingi, na wagonjwa wengi wamepata nafuu kwa kuletewa kitu kidogo walichokitamani. Walakini ni methali inayotaka hadhari, kwa sababu moyo una tabia ya kupenda kwanza na kuuliza baadaye. Biri ni kitu kizuri cha kuipimia methali hii, maana moyo huitia utamu, huitia uchungu, na mwisho waweza kutiwa mnyororo nayo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika kisiwa cha Kuba, ambacho jina lake limeshikamana sana na biri, jani la tumbaku huchumwa, huanikwa bandani mpaka ligeuke rangi, kisha hulundikwa na kuachwa lipate joto na kuchachuka ili ukali wake upungue. Msokotaji huchukua majani ya ndani, huyafunga kwa jani la kati lenye nguvu, na mwisho huyavika jani la nje, laini na zuri kuliko yote. Akikaza mno, moshi haupiti. Akilegeza mno, moto hukimbia. Mwaka 1865 ilianza huko Havana desturi ya kuweka msomaji kiwandani, aliyekaa mahali palipoinuka na kuwasomea wasokotaji magazeti na riwaya wakati mikono yao ikifanya kazi. Wafanyakazi wenyewe walimlipa msomaji huyo kwa kutoa sehemu ya ujira wao. Walijua, bila kufundishwa na mtu, kuwa mkono hufuata moyo, na kuwa moyo uliochoka hausokoti vyema.

Lakini kazi yote hiyo yaweza kuharibiwa kwa dakika chache na mvutaji mwenye hasira. Biri hutaka kuvutwa polepole, kiasi cha pafu moja kwa dakika, na kwa kawaida moshi wake hukaa kinywani tu, hauvutwi mpaka mapafuni. Mtu aliyetulia huiacha ipumue baina ya pafu na pafu. Moto wake huwa wa wastani, na jani hutoa harufu yake kidogo kidogo. Mtu mwenye hasira au wasiwasi huvuta kwa pupa. Moto hupanda, jani huungua badala ya kufuka, na uchungu hujaa kinywani. Tena wasiwasi hukausha mate, na ulimi mkavu hauonji sawasawa. Basi yule mtu huitupa biri yake na kumlaumu muuzaji. Hasira hasara, na hasara hii ina kichekesho ndani yake, kwa kuwa ladha aliyoitema mtu huyo haikutoka dukani. Ilitoka kwake mwenyewe.

Mwenye huzuni hukosea kwa njia nyingine. Huyu husahau. Biri i mkononi, macho yako mbali, na akikumbuka imekwisha zimika. Huiwasha tena, na biri iliyozimika ikapoa, ikiwashwa mara ya pili, huonja kama majivu. Mara ya tatu huwa mbaya zaidi. Mwisho huacha kipisi kirefu sahanini, akashangaa kwa nini kitu kilichompendeza sana mwezi uliopita hakina maana tena.

Mwenye furaha naye hahukumu kwa haki, ila kosa lake hupendeza. Huko Marekani ilikuwa desturi ya muda mrefu baba aliyepata mtoto kuwagawia rafiki zake biri. Aghalabu biri hizo zilikuwa za bei ndogo, na katika waliozipokea walikuwamo watu wasiovuta kabisa. Hata hivyo waliziwasha, wakakohoa, wakacheka. Walichokuwa wakionja siku hiyo hakikuwa tumbaku. Kilikuwa ni kuzaliwa kwa mtoto.

Mmoja aliyelifahamu jambo hili vizuri alikuwa Mark Twain, mwandishi wa Marekani aliyeishi tangu mwaka 1835 hadi 1910. Alivuta biri karibu maisha yake yote, na kwa makusudi alipenda zile za bei rahisi, ambazo rafiki zake waliziogopa kama sumu. Walipoalikwa kwake, walikuja na biri zao mifukoni ili wasilazimike kuvuta zake. Katika insha yake juu ya tumbaku alisimulia mzaha aliowafanyia. Miongoni mwa rafiki hao alikuwamo tajiri mmoja aliyejulikana kwa biri za thamani, zenye karatasi nyekundu na ya dhahabu kiunoni kama nishani ya ukoo bora. Twain alikwenda nyumbani kwa tajiri huyo, akachukua konzi mbili za biri hizo bila kuonekana, akazivua nishani, akazitia katika kisanduku chenye jina la biri zake mwenyewe.

Usiku ule aliwakaribisha wageni kumi na wawili, na baada ya chakula akawapitishia kisanduku. Kila mmoja alitwaa biri kwa heshima na hofu. Waliwasha, wakapigana nazo kwa muda mfupi katika kimya cha matanga, kisha mmoja baada ya mwingine akapata udhuru wa kuondoka. Asubuhi biri zilionekana zimetupwa njiani kati ya mlango na lango la nje, isipokuwa moja tu. Hiyo moja ilibaki katika sahani ya yule tajiri mwenyewe. Naye alikuwa amevuta mapafu mawili tu ya biri ambayo nyumbani kwake aliiona kuwa bora kuliko zote, akashindwa kuendelea.

Kama Twain alitia chumvi katika kisa hiki, kama ilivyokuwa kawaida yake, haidhuru. Ukweli wake hausimami juu ya idadi ya wageni. Watu wale hawakuwa wajinga wala ulimi wao haukuwa na ugonjwa. Walikuja na hofu, na hofu ikaonja kabla yao. Lau wangalipewa biri zile zile zikiwa zimevaa nishani zao, wangalizisifu mpaka usiku wa manane. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hapa chema kilikosa mnunuzi kwa kuwa kilivuliwa nguo.

Hata hivyo mcheshi huyu, aliyeona wazi jinsi mioyo ya wenzake ilivyowadanganya, alikuwa na fundo moja katika moyo wake mwenyewe. Alieleza kuwa aliwahi kuacha kuvuta kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na hakuona shida kubwa mpaka alipotakiwa kuandika kitabu, ambacho kilitoka mwaka 1872 kwa jina la *Roughing It*. Kwa majuma matatu alijikongoja akapata sura sita. Ndipo akakata tamaa, akarudia biri zake kwa kiasi cha 300 kwa mwezi, akazichoma moto zile sura sita, na akaandika kitabu chote kwa miezi mitatu. Tangu hapo aliamini kuwa kalamu yake haiendi bila moshi.

Je, biri ndiyo iliyoandika kitabu kile? Jibu lataka kupambanua mambo mawili yanayofanana sana, nayo ni furaha na nafuu. Tumbaku ina nikotini, na katika biri nikotini hupenya katika ngozi laini ya kinywa hata kama moshi hauvutwi mapafuni. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Kwa mtu aliyezoea, nikotini ikipungua mwilini hali ya moyo hushuka. Hukosa subira, huudhika kwa jambo dogo, na mawazo yake hayatulii. Akivuta, hali hiyo hupanda tena mpaka mahali ambapo wasiovuta wapo siku zote. Yeye husema kuwa biri imemtuliza, na kwa hakika imemtuliza. Ila imemtuliza na tabu iliyomletea yenyewe. Ni kama mkopeshaji anayesifiwa kwa ukarimu wake na mtu aliyemfilisi kwa riba.

Sigmund Freud, tabibu mashuhuri wa Vienna, alitumia maisha yake kuchungua siri za nafsi za watu, na huku alivuta biri kiasi cha 20 kwa siku. Alipojaribu kuacha mwaka 1894, hali ya moyo wake ilimlemea, akarudia. Mwaka 1923 alionekana na saratani ya kinywa, akapasuliwa zaidi ya mara 30 kabla ya kufa kwake mwaka 1939, na hata katikati ya maumivu hayo hakuweza kuachana na biri zake. Kama mjuzi wa nyoyo alifungwa hivyo, mtu wa kawaida asijisifu kuwa anaweza kutambua ni lini starehe yake imegeuka kuwa deni.

Mark Twain alikuwa na rafiki ambaye maisha yake yanaonyesha jambo hili lote, tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake, na bila mzaha. Rafiki huyo ni Ulysses Grant, jemadari wa majeshi ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo tangu mwaka 1869 hadi 1877.

Kabla ya mwaka 1862 Grant hakuwa mvutaji mkubwa. Mwezi wa Februari mwaka huo alikuwa akiizingira ngome ya Fort Donelson katika jimbo la Tennessee. Mkuu wa manowari alimpa biri moja, na alipokuwa njiani kurudi alipata habari kuwa adui ameshambulia. Alitimua farasi mbio kwenda vitani, biri i mkononi. Ilizimika upesi, lakini kipisi chake alikuwa nacho vidoleni wakati akitoa amri. Ngome ilisalimu amri siku ya pili, tarehe 16 Februari. Magazeti yalipoeleza ushindi huo hayakusahau ile biri, na watu wa Kaskazini, waliokuwa na kiu ya habari njema, wakaanza kumpelekea jemadari wao biri kutoka pande zote. Inasimuliwa kuwa zilifika kiasi cha 10,000. Watu walitaka kumpelekea mioyo yao, na kwa kuwa moyo hautiwi sandukuni, walipeleka biri. Grant aligawa nyingi kadiri alivyoweza. Zilizobaki alizivuta, na mazoea yakaanza.

Biri hizo za kwanza bila shaka zilikuwa tamu, kwa kuwa kila moja ilibeba shukrani ya mtu asiyemjua. Lakini haikupita miaka mingi zikawa na kazi nyingine. Tarehe 6 Mei 1864, katika siku ya pili ya mapigano ya Wilderness huko Virginia, moto ulishika msituni na majeruhi wasioweza kutembea wakateketea. Katika mapigano yale upande wa Grant peke yake ulipata hasara ya watu zaidi ya 17,000 waliouawa, waliojeruhiwa au waliopotea. Afisa mmoja aliyekuwa karibu naye alieleza baadaye kuwa siku hiyo jemadari alivuta biri kali kiasi cha 20. Je, yuko mtu awezaye kuamini kuwa Grant alipata ladha katika hata moja ya hizo? Mkono ulipeleka kinywani kitu ambacho ulimi haukukihesabu. Hapo biri ilikuwa imekwisha acha kuwa starehe. Imekuwa fimbo ya kuegemea.

Vita vilikwisha mwaka 1865, fimbo haikuwekwa chini. Mwezi wa Mei 1884 Grant alifilisika, kwa sababu mshirika wake katika biashara alikuwa mdanganyifu. Mtu aliyeongoza majeshi na kutawala nchi alijikuta na fedha chache tu za matumizi ya nyumbani. Majira ya joto ya mwaka huo huo alikula tunda, akahisi maumivu makali kooni. Alichelewa kwenda kwa daktari mpaka majani yalipoanza kuanguka, na alipochunguzwa alionekana kuwa na saratani. Alipunguza biri, kisha akaziacha. Zawadi iliyokuja na shangwe mwaka 1862 ilikuwa imekusanya malipo yake kimya kimya kwa miaka 22.

Sasa ndipo palipo na jambo la kuangaliwa. Grant alijua kuwa anakufa, na kuwa mkewe atabaki bila kitu. Njia moja tu ilikuwa wazi kwake, nayo ni kuandika kumbukumbu za maisha yake na kuziuza. Twain, aliyekuwa na kampuni yake ya kuchapisha vitabu, alimwendea akampa masharti mema kuliko aliyokuwa ameahidiwa kwingine. Basi mgonjwa akaketi kuandika. Kumeza mate kulikuwa adhabu. Kwa muda alisema na mwandishi akaandika. Sauti ilipopotea, alishika penseli mwenyewe, na hata mazungumzo yake na madaktari aliyaandika katika vipande vya karatasi. Katika mwezi wa Juni 1885 alihamishiwa katika nyumba moja juu ya mlima wa McGregor, jimbo la New York, akaendelea. Alimaliza kazi, na siku chache baadaye, tarehe 23 Julai 1885, akafariki. Kitabu kilimpatia mjane wake zaidi ya dola 400,000, na mpaka leo huhesabiwa miongoni mwa kumbukumbu bora zilizopata kuandikwa na jemadari yeyote.

Yafaa mambo haya mawili yawekwe bega kwa bega. Twain, akiwa kijana mwenye afya, alisadiki kuwa hawezi kuandika sura saba bila biri. Grant, akiwa mgonjwa, masikini na mwenye maumivu, aliandika sehemu kubwa ya kitabu chake baada ya biri kuondolewa kinywani mwake. Hapana shaka mwili wake uliidai. Hapana shaka kuwa zilikuwapo saa ambazo hali ya moyo wake ilianguka chini kabisa. Lakini alikuwa na jambo la kupenda kuliko moshi, na jambo hilo likafanya kazi ambayo Twain alidhani hufanywa na tumbaku. Twain aliyaona haya yote kwa macho yake, kwa sababu alimtembelea rafiki yake na kuchapisha maneno yake. Hata hivyo yeye mwenyewe alivuta mpaka uzee wake. Kuona ni kitu kimoja, na kuacha ni kitu kingine.

Basi methali ya wahenga haikukosea. Wanaokosea ni wale wanaoisoma nusu. Kipendacho moyo ni dawa, lakini dawa imo katika kule kupenda, haimo daima katika kile kinachopendwa. Biri haina furaha ya kumpa mtu. Humrudishia ile aliyokuja nayo, kama kioo kirudishavyo uso. Ajaye na utulivu huona utulivu ndani ya moshi, ajaye na hofu huona hofu, na ajaye na jina kubwa lililoandikwa kwa dhahabu huonja dhahabu. Kioo si kibaya kwa kuwa kioo. Ubaya huanza siku mtu anaposadiki kuwa uso umo ndani ya kioo, akawa hawezi kujijua bila kukitazama; na kioo hiki kina bei ambayo hailipwi siku ya kununua.

Ipo picha ya Grant iliyopigwa katika siku zake za mwisho. Amekaa barazani katika kiti, amejifunika nguo nzito ingawa ni majira ya joto, kofia ya sufi kichwani, ameinamia karatasi na kuandika. Kwa zaidi ya miaka 20 watu wa Marekani walizoea kumwona na biri mkononi, kiasi kwamba ilikuwa vigumu kumfikiri bila hiyo. Katika picha hii biri haimo, na mkono haukuonekana kuwa mtupu.